Muswada Rio, Mtambo Paris: Jinsi Garnier Alivyoendesha Biashara ya Vitabu Brazili

Chukua riwaya ya Kibrazili ya miaka ya 1860 au 1870 yenye jina la B. L. Garnier. Ukurasa wa mbele unasema kitabu kimetoka mtaa wa Ouvidor, Rio de Janeiro. Endelea kupekua, na mara nyingi utakuta mahali, kwa herufi ndogo, jina la kiwanda cha uchapaji cha Paris. Mwandishi ni Mbrazili, lugha ni Kireno, mnunuzi yuko Rio, lakini karatasi zimepigwa chapa ng'ambo ya Atlantiki na kurudishwa kwa meli. Wanaomsifu Baptiste-Louis Garnier husifu zaidi jicho lake la kutambua waandishi. Jicho alikuwa nalo kweli. Ila Rio ya siku zile haikukosa watu wenye jicho, na wengine walifilisika. Kilichomweka mjini karibu miaka 50 ni namna alivyoigawa kazi: hatua gani ifanyike wapi, na nani awe na neno la mwisho.

Alizaliwa Normandy mwaka 1823. Kaka zake, Auguste na Hippolyte, walikuwa na duka la vitabu Paris, na mdogo wao akapelekwa Rio kuangalia soko. Alifika mwaka 1844, kijana wa miaka 21. Njia ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Mfaransa Pierre Plancher alikuwa ameanzisha gazeti la Jornal do Commercio mwaka 1827. Mwaka huohuo nyumba ya vitabu ya Bossange ya Paris ilimtuma Rio kijana wa Kijerumani, Eduard Laemmert, ambaye baadaye alijitegemea pamoja na ndugu yake na kuwa mshindani mkubwa wa Garnier. Uchapaji wenyewe ulikuwa mchanga: hadi 1808, ilipohamia familia ya kifalme ya Ureno, mitambo ya uchapaji ilikuwa marufuku katika koloni lile.

Soko lilikuwa jembamba mno. Sensa ya kwanza ya Brazili, ya mwaka 1872, ilihesabu watu karibu milioni 10, na zaidi ya wanane katika kila kumi hawakujua kusoma. Watu wapatao milioni moja na nusu walikuwa bado watumwa. Ukiwaondoa wasiosoma na wasio na fedha, unabaki na tabaka dogo la mjini: mawakili, maofisa, madaktari, wanafunzi, wake na binti za matajiri. Wengi wao walipenda kusoma Kifaransa. Kwa hiyo mwandishi wa nyumbani alishindana na Mfaransa Dumas moja kwa moja, na Dumas hakudai mrabaha Rio, kwa kuwa sheria ya Brazili haikuwalinda waandishi wa kigeni. Kumtafsiri mgeni kulimgharimu mchapishaji ujira wa mfasiri tu.

Katika hali hiyo, desturi ilikuwa mwandishi azunguke na daftari kuwaandikisha wanunuzi, apate fedha kabla kitabu hakijapigwa chapa. Aliyekosa majina ya kutosha alibaki na muswada wake. Francisco de Paula Brito, mchapishaji mwenye asili ya Kiafrika aliyewainua vijana wengi, alijaribu kubeba mzigo huo mwenyewe, na mwaka 1857 biashara yake ikaanguka. Nafikiri Garnier alilitazama anguko lile kwa makini.

Tuanzie dukani kwake. Fedha za kila siku hazikutoka kwenye riwaya. Zilitoka kwenye vitabu vya Kifaransa vilivyoagizwa, vitabu vya shule na vya sheria. Toleo la tatu la mkusanyo wa sheria za kiraia wa Teixeira de Freitas lilitoka kwake mwaka 1876. Kitabu cha namna hiyo wakili hanunui kwa kupenda, ananunua kwa kulazimika, na huuzwa polepole kwa miaka mingi. Faida ya bidhaa isiyokosa mnunuzi ndiyo iliyolipia bidhaa ya kubahatisha. Wachapishaji wetu wanaoishi kwa vitabu vya kiada na kutoa riwaya moja moja wataitambua hesabu hii mara moja.

Hata kwenye riwaya alipunguza bahati nasibu. O Guarani ya José de Alencar ilianza kutoka kwa mfululizo gazetini mwaka 1857 na mji mzima ukaifuatilia. Garnier alitoa toleo lake la kitabu miaka ya 1860, wakati jina la Alencar halikuhitaji tena kuelezwa. Alifanya vivyo hivyo na Quincas Borba ya Machado de Assis, iliyotembea miaka mitano kwenye jarida la mchapishaji mwingine kabla ya kuwa kitabu chake mwaka 1891. Gharama ya kumpima msomaji ililipwa na wengine. Sisemi alikuwa mwoga: mwaka 1875, miaka 13 kabla utumwa haujakomeshwa, alitoa A Escrava Isaura ya Bernardo Guimarães, riwaya iliyoushambulia utumwa mbele ya wasomaji ambao wengi wao walikuwa na watumwa nyumbani.

Sasa Paris. Huko kulikuwa na karatasi nzuri, mafundi wengi na mitambo ya kisasa, wakati karatasi iliyotumika Rio nayo ilikuja kwa meli. Kuanzia mwaka 1860 meli za mvuke za Ufaransa zilifanya safari za kudumu kati ya Bordeaux na Rio, na tarehe za kuwasili zikaweza kupangiwa hesabu. Garnier alituma muswada, akapokea masanduku ya vitabu. Alichukua pia vipimo vya Paris, vile vitabu vidogo vinavyoshikika kwa mkono mmoja, hata riwaya ya Kibrazili ikakaa rafuni sambamba na ya Kifaransa bila kuonekana maskini. Naliona jambo hilo kuwa kubwa. Msomaji aliyezoea kudhani kwamba kitabu cha kwao ni cha karatasi duni alianza kukinunua bila kusitasita.

Jarida lake, Jornal das Famílias, linaonyesha jinsi bahari ilivyoamua hata yaliyomo. Lilitoka kila mwezi kuanzia 1863 hadi 1878, likipigwa chapa Paris. Makala yaliyosafiri wiki tatu au zaidi kwenda, yakapangwa, yakasomwa prufu, kisha yakasafiri tena kurudi, hayawezi kuwa habari. Kwa hiyo jarida lilijazwa vitu visivyochacha: hadithi fupi, picha za mitindo zilizotiwa rangi, ruwaza za ushonaji na mapishi. Machado de Assis aliliandikia hadithi nyingi sana, na sehemu kubwa ya ufundi wake wa hadithi fupi aliupatia humo. Ratiba ya meli ilimfungulia ukurasa mwandishi wa kubuni kila mwezi kwa miaka 15.

Wachapaji wa Rio walilalamika kwamba mkate wao unaliwa ng'ambo, na walikuwa na haki ya kulalamika. Watani nao walizisoma herufi B. L. za jina lake kuwa "mwizi mwema", maana alijulikana kwa kubana senti. Hata hivyo alilipa, na alilipa kwa mkataba. Mwaka 1869, mwaka aliooa, Machado alitia sahihi ya kumwandikia riwaya ambayo ilikuwa bado haijakamilika. Ressurreição ilitoka mwaka 1872. Kijana aliyeanza maisha kama mwanafunzi wa kupanga herufi kwenye kiwanda cha serikali sasa alilipwa kwa kitabu cha kesho. Katika nchi ambamo mwandishi alikuwa akitembeza daftari, hayo yalikuwa mageuzi.

Na maamuzi yote hayo yalifanywa mtaa wa Ouvidor. Huo ndio uti wa mpango mzima. Mtambo ulikuwa Paris, lakini anayesema ndiyo au hapana alikaa nyuma ya duka lake kila siku, akiwaona wanunuzi wanashika nini na kurudisha nini rafuni. Machado, katika makala ya kumlilia, alimkumbuka hivyohivyo, mtu wa kazi asiyeondoka mezani.

Garnier alifariki Oktoba 1893, na nyumba ikaenda kwa kaka yake Hippolyte aliyekuwa Paris. Hapo tunaweza kuupima mpango wake kwa kuangalia kilichobadilika, kwa sababu mtambo na meli vilibaki vilevile. Kilichohama ni neno la mwisho. Mwaka 1899 Hippolyte alinunua kutoka kwa Machado haki zote za vitabu vyake kwa réis milioni 8, malipo ya mara moja. Ilipotokea nia ya kuvitafsiri kwa Kijerumani, Machado alilazimika kuomba ruhusa Paris kwa ajili ya vitabu alivyoviandika mwenyewe, na ruhusa ya bure hakuipata. Dom Casmurro ina mwaka 1899 juu yake, lakini Rio iliipata mwaka 1900. Mwandishi alikuwa akiandika barua kuulizia masanduku, na kuomba shehena ya kwanza iwe kubwa kwa sababu alijua kitabu kitagombaniwa. Mtu wa nyuma ya duka angelijua hilo bila kuandikiwa.

Kisha likaja kosa la mwaka 1901, kwenye Poesias Completas. Katika dibaji Machado alitumia kitenzi "cegara", yaani kupofusha. Mpanga herufi wa Paris aliweka "a" mahali pa "e", na neno likageuka kuwa la chooni, lisilotamkika mbele ya watu. Herufi moja, na kwa asiyejua Kireno maneno hayo mawili hayana tofauti yoyote ya maana. Nakala zilikuwa zimeshafika. Husimuliwa kwamba Machado na watu wa duka walikaa kufuta "a" moja baada ya nyingine na kuandika "e" kwa wino, na nakala zilizorekebishwa kwa mkono zipo hadi leo. Hatari hiyo ilikuwepo tangu muswada wa kwanza ulipopanda meli.

Hippolyte alifariki mwaka 1911. Warithi waliiendesha nyumba kutoka mbali, na mwaka 1934 duka likachukuliwa na Briguiet, muuza vitabu mwenzao wa Rio.