Kupanga machaguo ya kanzu kwenye duka la mtandaoni

Kanzu huonekana bidhaa nyepesi kuiuza mtandaoni mpaka yaorodheshwe mambo yote anayoweza kuyachagua mteja. Urefu hupimwa kwa inchi, kuanzia 52 hadi 62 kwa kuruka mbilimbili: hizo ni saizi 6. Tuseme rangi ni 4. Shingo ni za aina 2, ya kola ya kusimama na ya Kiomani, isiyo na kola lakini yenye kishada kifuani. Mikono huachwa ilivyo au hupunguzwa, na tarizi huja kwa nyuzi za rangi 3. Yakizidishwa yote, hutoka matoleo 288 ya kanzu moja, na jina la bwana harusi la kutariziwa bado halijatajwa.

Mifumo ya maduka haibebi kila hesabu. Kwa miaka mingi Shopify iliruhusu matoleo 100 tu kwa bidhaa. Mwaka 2025 kikomo kilipandishwa hadi kupita 2,000, ila aina za machaguo zimebaki 3. WooCommerce ina mwiko mwingine: matoleo yakizidi 30, kwa mpangilio wake wa kawaida ukurasa hauyapakii yote kwa pamoja. Mteja huchagua krimu, kisha 62, ndipo anapoambiwa kuwa hiyo haipo. Hata pasingekuwa na kikomo, matoleo 288 ni misimbo 288 ya stoo, na lazima awepo mtu wa kuihesabu.

Kila chaguo basi lipimwe kwa swali moja: linabadilisha kilichopo rafuni, au linabadilisha maelekezo anayopewa fundi? Urefu, rangi na shingo ni mambo ya rafuni, kwa kuwa kanzu hufika zimeshashonwa hivyo. Hayo yanafanya matoleo 48. Anayetafuta kanzu ya Kiomani ni nadra kutaka ya kola, kwa hiyo shingo zitenganishwe ziwe bidhaa mbili zenye kurasa zake, kila moja na matoleo 24. Mikono na tarizi hufanywa baada ya oda kuingia. Hayo hayahitaji msimbo wa stoo. Huambatana na oda kama maelezo, pamoja na nyongeza yake ya bei, ambayo ionekane pale pale mteja anapochagua, isije ikamshtua kwenye malipo.

Sehemu za kujaza ndizo zenye hasara nyingi kuliko zote. Kisanduku cha urefu wa mkono kikipokea tarakimu yoyote, mteja aliyezoea sentimita ataandika 61 akimaanisha inchi 24. Orodha ya kuchagua, kutoka 20 hadi 26, na neno "inchi" kando ya kila namba, humaliza tatizo hilo. Jina la kutariziwa liwekewe ukomo wa herufi, na mteja alione kama litakavyotoka. Kwa herufi za Kiarabu, onyesho hilo ni la lazima: programu ya tarizi isiyojua kuunganisha herufi huziachanisha mojamoja, na jina likishashonwa hivyo, kulifumua ni kuhatarisha kitambaa.

Machaguo yanayotegemeana hufichwa mpaka yahitajike. Rangi ya uzi isionekane kabla mteja hajasema anataka tarizi.

Masharti ya kurudisha hufuata mgawanyo ule ule. Kanzu ya rafuni inaweza kuuzwa tena. Iliyotariziwa jina la mtu haina mnunuzi mwingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kughairi, lakini huondoa bidhaa zilizotengenezwa kwa maelekezo yake. Sharti hilo, pamoja na siku za ziada za kazi ya fundi, huandikwa juu ya kitufe cha kuweka kikapuni, na karatasi ya oda hutanguliza msimbo wa stoo kwa mtu wa rafu, kisha maelekezo ya fundi chini yake.