Barua ya Mgeni na Barua ya Mwenyeji: Uhakiki wa Nyaraka za Vijana Watumishi wa Kujitolea

Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi hudhani kwamba methali hii yamsuta mgeni mvivu. Sisi twaona kuwa yasema jambo kubwa zaidi. Anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani. Asiyepewa hubaki kitini, akitazama na kutazamwa. Katika makala hii tunakusudia kuipima kwa methali hiyo aina moja ya maandishi ambayo Kanisa letu limechangia kuizaa, lakini halijaisoma kwa makini. Nazo ni barua ambazo vijana Wakristo kutoka ng'ambo huwaandikia watu wa kwao wanapotumika kati yetu kwa kujitolea.

Chanzo cha barua hizi

Kwa watu wa Korogwe habari hii si ngeni. Katika milima ya wilaya hiyo ipo Lutindi, mahali palipoanzishwa mwaka 1896 pawe makao ya watoto waliookolewa utumwani, na ambapo mwanzoni mwa karne ya 20 palianza kutunzwa wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo, iliyo chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, imekuwa na uhusiano wa muda mrefu na Betheli ya Ujerumani, mji wa diakonia ulioanza mwaka 1867 kwa kuwahudumia wenye kifafa. Kwa njia ya uhusiano wa namna hiyo vijana wa Kijerumani wamekuwa wakija kutumika katika vituo vyetu. Idadi yao iliongezeka baada ya mwaka 2008, serikali ya Ujerumani ilipoanzisha mpango wa weltwärts kwa vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 28, ambao kwa kawaida hukaa mwaka mmoja.

Mara nyingi kijana wa namna hii hukusanya ndugu, majirani na washarika wa kwao wamchangie. Naye huwaandikia kila baada ya miezi michache. Jambo hili tusilisahau, kwa maana ndilo linaloitawala barua yote. Msomaji wake ni mchangiaji, na mchangiaji hungoja kuambiwa kwamba mchango wake umefanya kazi.

Wala barua hizi si za kwanza za aina yake. Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda Usambara hata Vuga, kwa Mfalme Kimweri ye Nyumbai, akarudi tena mwaka 1852. Habari za safari zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1858. Krapf alimwonaje Kimweri, twaweza kusoma. Lakini Kimweri alimwonaje Krapf, hilo kwa sehemu kubwa twalijua kwa kalamu ya Krapf mwenyewe. Hapo ndipo penye kiini cha uhakiki wetu: tangu zamani mgeni ndiye aliyeandika, na mwenyeji ndiye aliyeandikwa.

Yaliyomo

Miaka kadhaa iliyopita binti mmoja, aliyekuwa amemaliza mwaka wake katika kituo kimoja cha diakonia, alitupatia barua zake tano ili tuzisome na kusema tuonavyo. Hatutamtaja yeye wala kituo, wala hatutanukuu maneno yake. Baadaye tulisoma nyingine za wenzake, tukaona kwamba mpango ni ule ule. Barua ya kwanza yaeleza machozi ya kuagana, joto, rangi za kanga na watoto wanaotabasamu. Ya pili yaeleza ugonjwa na upweke. Ya tatu ni Krismasi isiyo na theluji. Ya nne ni ya mashaka, na ya tano hufunga kwa kukiri kwamba mwandishi amepokea kuliko alivyotoa.

Tulipoisoma barua ya kwanza tulifanya kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu kufanya na andiko lolote: tukauliza ni nani atendaye na ni nani atendewaye. Mwandishi alifundisha, alicheza, alisaidia, alipaka rangi ukuta. Wenyeji walitabasamu, waliimba, walishukuru. Mama wa jikoni aliyemwonyesha jinsi ya kufua nguo kwa maji kidogo hakuwa na jina. Mwuguzi aliyemtafsiria maneno kwa miezi mitatu hakuwa na jina. Mgonjwa mmoja, kinyume chake, alikuwa na jina, na picha, na historia yote ya ugonjwa wake, ikiandikiwa watu ambao hajawaona wala hatawaona. Katika hili twasema bila kuficha: ni kosa. Siri ya mgonjwa si mali ya mgeni, hata akiwa na nia njema, wala si mali yetu tunaompa mgeni ruhusa ya kupiga picha kwa sababu twaona haya kumkatalia. Mchungaji aliyefundishwa kutunza maungamo hapaswi kushindwa kulitambua jambo hili.

Hata hivyo haki yatudai tuseme na lililo jema. Katika barua ya nne binti huyo aeleza jinsi mwuguzi yule yule alivyomkemea kwa kumpa mgonjwa mmoja fedha kwa siri. Mwanzoni alikasirika, akaona wenyeji hawana huruma. Baada ya wiki mbili akaona wagonjwa wengine wakimnung'unikia mwenzao, na yule aliyepewa akiacha kwenda bustanini na wenzake. Hapo akaelewa kwamba kulima pamoja, jambo alilolidhani kuwa kazi tu, ni sehemu ya uponyaji, na kwamba yeye ndiye aliyeivuruga dawa. Ukurasa huu wapita kurasa nyingine zote. Hapa mwenyeji hatabasamu. Anajua, anaamua, anafundisha. Na mgeni kwa mara ya kwanza amepewa jembe.

Tuseme nini basi juu ya hitimisho la barua ya tano, kwamba amepokea kuliko alivyotoa? Neno hili twalisikia mara nyingi, nasi hulipokea kwa furaha kwa kuwa latusifu. Lakini deni lisilotajwa kiasi chake wala mdai wake ni vigumu kulilipa. Amepokea nini? Kwa nani? Kama angalisema kwamba mwuguzi fulani alimfundisha tofauti ya huruma na upendeleo, shukrani yake ingalikuwa na uzito.

Epafrodito

Katika Agano Jipya yuko mtumishi mmoja aliyetumwa ng'ambo ambaye twaona afaa kuwa kipimo chetu. Usharika wa Filipi ulimtuma Epafrodito kumpelekea Paulo msaada na kumhudumia kifungoni (Wafilipi 2:25-30, 4:18). Huko aliugua karibu na kufa. Akawatamani watu wa kwao, akahuzunika kwa sababu walikuwa wamesikia kwamba hawezi. Upweke, ugonjwa, hamu ya nyumbani: yote yaliyomo katika barua za vijana wetu yamo humo.

Lakini tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Epafrodito hakutuachia barua. Aliyeandika ni Paulo, yaani yule aliyehudumiwa. Ndiye aliyewaambia Wafilipi kwamba mtu wao ni ndugu, mtenda kazi pamoja naye na askari mwenzake. Ndiye aliyewaagiza wampokee kwa furaha na kumheshimu. Aliandika pia, kwa uangalifu, juu ya kutoa na kupokea, akishukuru kipawa chao bila kujishusha kuwa ombaomba, kwa kuwa alijifunza kuridhika katika hali zote. Twaona, basi, kwamba barua juu ya huduma hutimia anapoiandika au kuitia mkono mwenyeji.

Kosa letu sisi

Hapa yatupasa kugeuza kidole. Kijana anapoondoka, sisi wenyeji hufanya nini? Twamvika kanga au shati la kitenge, kwaya huimba, mwinjilisti husema kwamba amekuwa baraka, na mambo yamekwisha. Lile kemeo la mwuguzi halitajwi. Tukiulizwa na wenzetu wa ng'ambo kama kijana wao alifaa, twajibu kwamba alifaa sana, kwa kuwa twahofia kwamba jibu lingine litafunga mlango wa misaada. Kwa namna hiyo twajifanya sisi wenyewe kuwa watu wa kutabasamu tu. Hatuwezi kulalamika kwamba barua zao hazitupi kinywa iwapo tulipopewa kinywa tulikitumia kwa sifa peke yake.

Kadhalika, tangu mwaka 2013 mpango huo wa weltwärts ulifungua pia njia kwa vijana wa Kusini, wakiwamo wa kwetu, kwenda kutumika Ujerumani. Wapo waliowahudumia wazee na walemavu huko. Wamejua upweke wa mzee anayekula peke yake, na ukimya wa kanisa lenye viti vitupu. Je, ni sharika ngapi kwetu zimewahi kusomewa barua zao? Kijana akirudi huulizwa juu ya baridi, chakula na fedha. Haulizwi Mungu alimwonyesha nini kule. Kama Ulaya imezoea kuandika habari zetu, sisi tumezoea kutoandika habari zake, na mazoea haya ya pili ni dhambi yetu wenyewe.

Hitimisho

Hatusemi kwamba vijana waache kuja, wala kwamba waache kuandika. Twapendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji mfadhili. Kwanza, barua ya mgeni isomwe kituoni na wale wanaotajwa ndani yake kabla ya kutumwa, na habari za mgonjwa ziondolewe isipokuwa kwa ridhaa yake, akiwa na uwezo wa kuitoa. Pili, mwenyeji aandike barua yake mwenyewe kwa usharika uliomtuma kijana, ya kweli, ikitaja jema na baya kwa upendo. Tatu, vijana wetu waendao ng'ambo waandike kwa Kiswahili, na barua zao zisomwe ibadani.

Mwuguzi yule, tulipomweleza kwamba alikuwa ameandikwa katika barua ya nne, alicheka, kisha akanyamaza kidogo. Akauliza kama ilisemwa pia kwamba siku ya pili alimwita binti huyo wakapalilia pamoja. Tukatazama tena, haikusemwa. Tukamwomba aandike yeye. Alisema hajui kuandika barua za wazungu. Tukamjibu kwamba Paulo naye hakuandika ya wazungu; aliwaandikia watu aliowapenda, juu ya mtu wao aliyemjua.

Hadi leo hatujaiona barua yake. Twaendelea kuingoja.