Adabu ya Asiye na Dini Mbele ya Ibada za Watu

Yuko mtu miongoni mwetu ambaye hatumsemi sana. Si Muislamu, si Mkristo, wala hafuati mizimu ya wazee wake. Yeye husema kwamba haamini kuwa Mungu yuko. Lakini hufiwa kama tunavyofiwa sisi, hualikwa harusini na kwenye khitma, na kila siku ulimi wake husema "inshallah" na "Mungu akipenda", kwa sababu lugha aliyolelewa nayo imejaa jina la Mwenyezi Mungu. Tangu sensa ya mwaka 1967, sensa za Tanzania haziulizi dini, kwa hiyo mtu huyo hana safu yake katika hesabu yoyote ya serikali. Yupo tu, mara nyingi amenyamaza.

Swali ni hili: watu wanapoinua mikono kuomba, yeye afanye nini? Usiharakishe kujibu kwamba hayo ni yake mwenyewe na sisi hayatuhusu. Twende kwanza mpaka Ufipa, kwani huko swali hili hutugeukia sisi wenyewe.

Ufipa ni uwanda wa juu, wenye baridi na upepo, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Mji wake mkubwa ni Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974. Mapadre wa Kikatoliki waliojulikana kwa jina la Mapadre Weupe walishika kituo cha Karema, kando ya ziwa, mwaka 1885, na kutoka huko mafundisho yao yakapanda mpaka uwandani. Ndiyo maana Wafipa walio wengi leo ni Wakatoliki. Basi kijana wetu wa Tanga au wa Kilwa akipangiwa kazi ya ualimu huko, au akienda kununua mahindi na maharage, majirani zake wa kulia na wa kushoto ni watu wa kanisa. Jirani akifiwa, shule nzima huenda mazikoni. Watu hupiga magoti, hufanya ishara ya msalaba, na jeneza hunyunyizwa maji ya baraka. Mwalimu wetu naye yupo. Afanye nini?

Zingatia vizuri, ndugu msomaji. Siku hiyo Muislamu huyu na yule asiye na dini wamekaa benchi moja. Wote wawili wamekuja kwa ajili ya marehemu na wafiwa, na wote wawili hawaiamini ibada inayofanywa mbele yao. Hata sheria imewaweka mlango mmoja. Sheria ya Viapo ya Tanzania, Sura ya 34, inasema kwamba mwenye imani isiyo ya Kikristo, na kadhalika anayekataa kuapa kwa kuwa hana dini, wataruhusiwa kuthibitisha badala ya kuapa, na uthibitisho wao una nguvu sawasawa na kiapo. Wanasheria hawakuona kuwa ukweli utapatikana kwa kumtia mtu mdomoni maneno asiyoyasadiki. Hapa wameona jambo ambalo majumbani mwetu tunalisahau.

Watu wasioamini huziendea ibada za wenzao kwa njia tatu zenye kasoro, na kila moja yafaa ipimwe.

Wa kwanza ni mwenye kejeli. Huyu hukaa msibani akatabasamu wengine wanapolia na kuomba, au akangoja dua iishe apate kuuliza, "Na hayo maneno maiti anayasikia?" Hudhani kwamba huo ni ushujaa wa fikra. Kumbe ni utovu wa adabu tu, kwani mfiwa hakumwita kwenye mjadala. Mwenye hoja aitoe barazani, siku ya mazungumzo, mbele ya watu walio tayari kumjibu.

Wa pili ni mwenye kuigiza, na huyu ndiye aliye mwingi. Kwa Waislamu huitikia "amin" kwa sauti kuliko imamu. Kanisani hupiga goti kabla ya wengine. Moyoni hamna kitu. Hufanya hivyo kwa kuogopa maneno ya watu, au kwa kutafuta mke, kazi au kura. Dini yetu ina jina la zamani kwa hali hii. Mjini Madina walikuwapo watu waliosali safu moja na Masahaba, wakatamka shahada kwa ndimi zao, na sura nzima ya Qur'ani, ya 63, ikashuka kuwafichua. Maneno waliyoyasema yalikuwa ya kweli, lakini wao waliyasema kwa uwongo. Basi tusifurahie "amin" ya mwigizaji tukadhani tumepata mtu.

Wa tatu ni mwenye kueleza. Huyu ni msomi, na mfano wake tunaupata papo hapo Ufipa. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa na wenyeji kuwa ni "tupa uchawi". Katika miaka ya 1963 na 1964 ilipita katika vijiji vya uwanda huo harakati ya kutokomeza uchawi iliyoitwa Kamcape. Waganga wake waliingia kijijini na kuwatia watu dawa, ili kijiji kizima kitakasike. Mwingereza Roy Willis, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, alikuwa Ufipa miaka hiyo, na mwaka 1968 akachapisha makala juu ya harakati hiyo katika jarida liitwalo Africa. Hoja yake ni kwamba chini ya dawa na uganga mlikuwa na mvutano baina ya vijana na wazee juu ya nani awe na sauti kijijini.

Kazi hiyo ina faida kubwa, na hatuidharau. Imetuonyesha kwamba ibada inaweza kubeba ugomvi wa watu ndani yake. Lakini ina upungufu, na ndio upungufu wa njia hii yote. Ukiieleza kila ibada kuwa ni kifuniko cha jambo jingine, humwoni tena mtu mmoja mmoja aliyesimama katika mstari akingoja dawa. Katika shughuli kama ile, ambayo kijiji kizima hutakiwa kutakaswa, anayekataa hujitia mwenyewe katika tuhuma kwamba ni mchawi. Basi Mkristo aliyefundishwa kuwa dawa ile ni ushirikina, au Muislamu, au mtu asiyeamini uchawi kabisa, alijibu nini dhamiri yake zamu yake ilipofika? Hilo ndilo tungependa kulisoma, kwani hapo ndipo mtu hupimwa.

Iko njia ya nne, nayo ndiyo iliyonyooka: kuitenga adabu na ibada. Bwana Mtume (s.a.w.) alipopitishiwa jeneza alisimama. Akaambiwa kwamba huyo ni Myahudi. Akawajibu kwa kuwauliza kama huyo naye si nafsi. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Kusimama kule kulikuwa ni heshima kwa mauti na kwa mwanadamu, na hakukuwa kusali sala ya dini nyingine. Vivyo hivyo mwalimu wetu wa Sumbawanga atakwenda msibani, atatoa rambirambi, atachota maji, atabeba jeneza, atatia udongo kaburini. Watu wanapopiga magoti, yeye atakaa kimya, kichwa ameinamisha. Hakudhihaki wala hakuigiza. Na asiye na dini naye tusimdai zaidi ya hayo. Akija kwenye khitma yetu akakaa kwa utulivu, akala pilau, akampa pole mfiwa, ametimiza haki ya ujirani.

Lakini sehemu kubwa ya lawama yatuangukia sisi wenyeji wa shughuli. Ni nani anayemtazama mgeni mikononi kuona kama ameinua? Ni nani anayemwambia bwana harusi, "Tamka tu, maneno hayana uzito"? Qur'ani, katika sura ya pili aya ya 256, imekataza kulazimishana katika dini. Anayemsukuma mtu atamke asichokiamini hakumfanya Muislamu, bali amemfundisha uwongo, tena kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mtu aliyezoea kuongopa mbele ya Mola, atashindwa vipi kuongopa mbele ya mkewe au mbele ya mwajiri wake?

Basi, ndugu msomaji, mwanao akiaga kwenda Rukwa, mwusie swala yake na chakula chake, na mwusie pia namna ya kukaa katika ibada isiyo yake: awepo, aheshimu, anyamaze. Na siku atakapoingia nyumbani kwako mtu aliyenyamaza wakati wa dua, mkaribishe sahani ya pili kabla hujamwuliza kwa nini. Huenda ukimya wake ni wa kweli kuliko "amin" nyingi zilizosikika ukumbini siku ile, na kwa mtu mkweli da'wa ina pa kuanzia.