Panda Mbegu, Uvune Mume

Joshua Harris alikuwa na miaka 21, hajaoa, alipoandika I Kissed Dating Goodbye. Kitabu kilitoka Marekani mwaka 1997, kikauza zaidi ya nakala milioni 1, na hakikukaa huko. Nairobi bado unaweza kukipata kwa wauza vitabu vya mitumba, katikati ya vitabu vya marudio ya KCSE na riwaya za Danielle Steel. Na kama uliwahi kuwa CU, ya shule ama ya kampasi, unakijua hata kama hujawahi kukishika. Zile semina za Ijumaa usiku kuhusu kulinda moyo, kushirikisha viongozi, na kutokatia mtu kama huna mpango wa kumwoa, zina harufu yake.

Hoja ya Harris ni rahisi. Anasema kudeti kunawaleta watu karibu bila kuwafunga kwa ahadi yoyote, kunawatenga na marafiki na familia, na kunawafanya wasiridhike na useja wao. Dawa yake ni kuacha kabisa, kungoja, na ukiwa tayari kwa ndoa, uanze uchumba mbele ya wazazi na kanisa.

Anafungua na ndoto ya harusi. Wakati wa kiapo, msichana mmoja anainuka kutoka kwa umati, anakuja na kumshika bwana harusi mkono ule mwingine. Kisha mwingine anakuja, na mwingine. Ni wasichana wa zamani, na kila mmoja alipewa kipande cha moyo wa huyu jamaa. Bibi harusi anapata kilichobaki. Kama mchezo wa kuigiza, inafanya kazi. Ukiisoma na miaka 17 hulali. Lakini angalia hesabu iliyo ndani yake: moyo ni mkate, kila anayepita anakata slesi, na utapenda kidogo kwa sababu ulishapenda. Mama yeyote mwenye watoto watano angemwambia moyo haufanyi kazi hivyo.

Lawama ya kawaida ni kwamba kitabu kiliwajaza vijana aibu, hasa wasichana, wakaogopa miili yao hadi ndani ya ndoa. Ni lawama ya haki, na wanawake waliolelewa nacho wameieleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Ugomvi wangu uko mahali pengine. Nadhani kitabu kinashindwa kwa kipimo chake chenyewe, cha theolojia.

Sisi tunaijua injili ya mbegu. Mhubiri kwenye TV anakuambia utume elfu moja kwa M-Pesa na Mungu atakurudishia mara mia. Walokole wahafidhina, wale wa kusoma Biblia mstari kwa mstari, wanamcheka, na wana haki. Harris alikuwa wa upande huo. Kanisa aliloliongoza kuanzia 2004, Covenant Life kule Maryland, lilikuwa la msimamo wa Kikalvini: wokovu ni neema tupu, binadamu hana cha kumlipa Mungu. Lakini ukikunja kurasa zake zote pamoja, unabaki na mbegu ileile. Toa ujana wako leo, usishike mkono wa mtu, usibusu, na mbele kuna ndoa nzuri kuliko ya wale walioharakisha. Kilichobadilika ni sarafu tu.

Atasema, na wanaomtetea watasema, kwamba ameuita useja zawadi. Kweli ameuita. Lakini kwake useja ni kama stage ya matatu: mahali pazuri pa kusimama, mradi gari linakuja. Paulo, katika 1 Wakorintho 7, hazungumzi hivyo. Anasema asiyeoa anafanya vizuri zaidi, na hamwahidi gari lolote. Yesu mwenyewe hakuoa. Kitabu kinachodai kupinga utamaduni wa kisasa kimekubaliana kabisa na Hollywood kuhusu jambo kubwa: kwamba hadithi ya maisha inaishia harusini. Kinagombana na njia tu, mwisho wa safari ni uleule.

Nakala niliyonayo mimi ilikuwa ya mtu mwingine. Amepigia mistari kwa rula na kalamu nyekundu, na penye ahadi za mbele ameandika "Amina" pembeni, kwa mwandiko wa shule, ule wa herufi za mviringo. Sijui ni nani. Tukikadiria, leo anaweza kuwa na miaka 40. Huenda aliolewa na akafurahi. Huenda pia alingoja, akafanya kila kitu sawasawa, na bado shangazi zake wanamuuliza kila Desemba analeta mgeni lini. Huyo wa pili ndiye ninayemfikiria, kwa sababu kitabu hakina ukurasa wake. Kama mbegu haikuota, hesabu inabaki na jibu moja tu: wewe ndiye uliharibu mahali fulani.

Sitaki kukidharau chote. Wazo kwamba mtu si nguo ya Gikomba, unajaribu, unarudisha, unaomba nyingine, ni wazo zuri, na linauma zaidi leo tukiwa na Tinder na talking stage ya miezi minane. Harris aliona kitu halisi. Alikosea tu kukigeuza kanuni yenye malipo.

Mwaka 2018 alitangaza kwamba kitabu hakitachapishwa tena. Mwaka 2019 akasema ametengana na mkewe, na kwamba kwa vipimo anavyovijua yeye si Mkristo tena. Wahafidhina wengi walipumua: basi tatizo lilikuwa imani yake, tusonge mbele. Walioacha kanisa nao wakamshangilia. Kisha 2021 akatoa kozi ya kulipia ya kuwasaidia watu kuifungua upya imani yao, watu wakamjia juu, akaiondoa. Hapo nilicheka kidogo. Alibadilisha karibu kila kitu, lakini bado alikuwa mtu mwenye ramani, akiwauzia waliopotea, wengine wao kwa ramani yake ya kwanza.

Mwandishi anaweza kuondoa kitabu sokoni. Msomaji hawezi kuondoa miaka yake. Ndiyo maana haitoshi CU kubadilisha spika na kuleta kitabu kipya chenye jalada zuri zaidi. Kama kweli tunaamini neema, kuna jambo la kumwambia yule wa kalamu nyekundu, Ijumaa moja, mbele ya wote: hukukosea hesabu mahali popote, dada. Hakukuwa na hesabu.