Plagi Itoke kwa Vidole

Fundi akimaliza kufufua thredi za plagi na kukunyooshea funguo, usiwashe gari kwanza. Mwombe aifungue tena ile plagi aliyoikaza sasa hivi, mbele yako. Atakutazama kama umemtukania ukoo. Fundi mzuri ataguna, atachukua boksi spana, ataikata nguvu kidogo, kisha ataimalizia kwa vidole mpaka itoke. Mwingine ataanza kukuhesabia magari yanayomsubiri. Usibishane na huyo wa pili. Lipa ulichokubaliana na uanze kutafuta gereji nyingine, kwa sababu ukarabati wa thredi huonekana plagi inapotoka. Kuingia, hata plagi iliyopakwa gundi huingia.

Thredi hufa kwa njia chache, na huku mlimani Kilimanjaro njia moja imezidi zote. Plagi ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Sasa chukua Noah iliyotoka Himo na abiria, mikungu ya ndizi na magunia, ikapanda hadi Marangu Mtoni kwa gia ndogo. Ikifika inamisi na haikai sailensa. Kijana anafungua plagi hapohapo, hedi ingali inaunguza mkono. Anaipangusa, na wakati wa kuirudisha anaianza kwa racheti badala ya kidole. Inaingia kombo. Anahisi ugumu, anadhani ni masizi, anachomeka kipande cha bomba kwenye mkono wa spana apate nguvu. Kazi imekwisha hapo, ila mwenye gari atajua wiki mbili baadaye.

Toyota nyingi tunazopandia mlima huu zina tundu la plagi la milimita 14, na kutoka thredi moja hadi ya pili ni milimita 1.25. Plagi ya namna hiyo yenye washa mpya hutaka kukazwa kwa nguvu ya newton-mita 25 hadi 30 tu kwenye hedi ya aluminiamu. Asiye na spana ya kupimia aizungushe kwa vidole mpaka igote, halafu aongeze nusu mzunguko, ikizidi sana theluthi mbili. Plagi iliyokwisha kufungwa na kufunguliwa, ambayo washa yake imeshabonyea, haitaki hata robo. Nimewaona vijana wakiikaza kama nati ya tairi.

Dawa ya kienyeji ni gundi ya chuma, au utepe wa mafundi bomba uliozungushwa kwenye plagi. Niliwahi kuikubali. Corolla yangu ilipakwa gundi na fundi wa kando ya barabara, nikapanda nayo kwenda msibani Mwika. Mjini ilikuwa tulivu kabisa. Tukiwa katikati ya mlima ukasikika mlio kama tairi limepasuka, kisha injini ikaanza kukohoa, chuf, chuf, chuf. Nilipofungua boneti nikakuta plagi inaning'inia kwenye waya wake, imevikwa pete ya gundi iliyoungua. Mazishi yalimalizika bila mimi. Baadaye nilijifariji kwa kujua kwamba hata Ford ya Marekani iliwahi kuuza injini za V8 ambazo plagi zake zilishikwa na thredi nne hivi, na baadhi zikawa zinafyatuka kutoka kwenye hedi. Plagi yenye shina la milimita 19 inapaswa kushikwa na thredi kama 15. Kwa hiyo fundi akikuonyesha kibushi, yaani kibomba chenye thredi cha kuziba tundu lililoharibika, kikiwa kifupi kama kizibo cha soda, mrudishie.

Kuna pia springi, yaani waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa, ambao wengi huuita kwa jina la kampuni, Heli-Coil. Kwa bolti za injini sina ugomvi nayo hata kidogo. Kwa plagi naikubali shingo upande: haina kitako chake, na ikiwa haikukamatwa vizuri hutoka pamoja na plagi, umeshika vyote viwili mkononi kama mahindi na gunzi lake.

Ninachokitaka ni bushi. Ile ya chapa ya Time-Sert hutanuliwa thredi zake za mwisho na kifaa cha kuingizia, ikajibana humo isitoke. Vifaa vyake havipatikani kila duka, na hapa Moshi utakutana zaidi na bushi iliyochongwa kwenye mashine. Sioni haya kuichukua. Mkoa huu unakijua chuma: wahunzi wa Mamba, jirani na Marangu, wangali wanafua kwa mivukuto, na kule Hai kilijengwa kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kutengeneza mashine zenyewe za kuchongea vyuma. Mchongaji aliyetulia anakupa bushi ya kuaminika, mradi uikague kabla haijaingia.

Ishike kwenye mwanga. Juu iwe na kola, nayo iwe laini, maana washa ya plagi itakalia hapo. Joto la plagi hukimbilia kwenye hedi kupitia kitako hicho na thredi zake; kola ikiwa na mikwaruzo au ikikaa upande, gesi inavuja na plagi inaungua. Chini isiingie ndani ya chemba. Ncha inayochungulia mle hushika moto kama kaa la mawe na kuwasha petroli kabla ya wakati. Ikiwa fupi nayo, masizi hujaa kwenye nafasi iliyobaki na plagi ijayo itakwama. Ikishaingia, simama mbele ya gari uzitazame plagi zote nne: ile iliyotibiwa isimame sawa na wenzake. Ikiinama hata kidogo, tapu, yaani kile chuma cha kuchongea thredi, iliingia kombo, na hakuna kukaza kutakakoinyoosha.

Lakini swali langu kubwa linahusu kitambaa. Kazi hii ingefaa ifanyike hedi ikiwa imeshushwa, ila wengi hatutaki gharama ya gasketi, na fundi anapiga tapu hedi ikiwa juu ya injini. Basi pistoni iwe imeshuka, valvu za ekzozi zimefungwa, na mifereji ya tapu imejazwa grisi ili vipande vya aluminiamu vinate humo. Kila baada ya mizunguko michache tapu itolewe, ipanguswe, ipakwe grisi upya. Inachosha, na ndiyo maana watu hurukia mwisho. Kwa hiyo mimi husema, "Fundi, naomba nione kitambaa." Kikiwa kimejaa grisi inayometameta kama samaki aliyeparwa magamba, moyo unatulia. Kikiwa kisafi, jua vile vipande vimo ndani ya silinda vinakwangua kuta zake.

Corolla ile aliimalizia mzee mmoja wa Pasua. Sikuhitaji kumwomba kitambaa, alikuwa amekitandaza kwenye fenda. Alimwagia maji ya sabuni kuzunguka plagi injini ikiunguruma, hakuna povu lililotoka. Kisha akanituma nipande na gari mpaka Kibosho, nikiwa nimepakia watu wanne, na akanikataza kurudi kwake jioni hiyo. "Lala nalo. Uje kesho likiwa baridi."

Asubuhi alikata nguvu kwa spana, akaniachia. Nilizungusha kwa vidole viwili, nikihesabu, mizunguko kumi na nne na kitu. Plagi ikatoka peke yake na washa yake, bushi imebaki mahali pake, na kauri ya nchani ina rangi ya kahawa yenye maziwa mengi. Ingekuwa nyeupe kama chaki, tungeanza upya. Mzee aliigeuza mara moja, akanirudishia.

"Irudishe mwenyewe, mangi," akasema. "Anza kuizungusha kinyume, mpaka usikie imedondoka tik. Hapo ndipo uikaze."