Kikombe cha Mikono 72

Anayetaka kuijua historia ya China kwa mara ya kwanza hupewa orodha ya nasaba: Shang, Zhou, Qin, Han, Tang, Song, Yuan, Ming, Qing. Akifika ya tano ameshaisahau ya pili. Mimi ningemshauri aiweke orodha pembeni kwanza, achukue chombo kimoja cha kauri na kuuliza kimetengenezwaje. Jibu litamfikisha kwa makaisari, kwenye bandari na kwenye vita, lakini kabla ya hapo litampitisha kwa mafundi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hao ndio wanaostahili kutangulia.

Mji wa kuanzia ni Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, kusini mwa mto Yangtze. Jimbo hilo lina bahati ya udongo. Katika pango lake moja, Xianrendong, wanaakiolojia wamepata vigae vya vyungu vyenye umri wa miaka 20,000 hivi, miongoni mwa vya kale kabisa kujulikana duniani. Waliovifinyanga walikuwa wawindaji, watu ambao walikuwa hawajajua bado jembe wala shamba. Mji wenyewe ulipata jina lake mwaka 1004, chini ya kaisari Zhenzong wa nasaba ya Song, kutokana na jina la kipindi cha utawala wake, Jingde. Mwaka 1127 wavamizi wa Kijurchen waliitwaa kaskazini na mji mkuu wa Kaifeng, serikali ya Song ikakimbilia kusini na kujipanga upya Hangzhou. Soko la vitu vya anasa likahama pamoja nayo. Kwa Jingdezhen, msiba wa taifa uligeuka kuwa wateja.

Tuje kwenye udongo. Kauri haipatikani kwa kuchoma vizuri udongo wa chungu cha kawaida. Inahitaji vitu viwili, na wafinyanzi wa Jingdezhen walizoea kuviita mfupa na nyama. Mfupa ni kaolini, udongo mweupe usioyeyuka hata ukichomwa vikali. Jina lake limetoka Gaoling, kilima kilicho karibu na mji huo. Nyama ni jiwe la kauri, ambalo lilipondwa kwa nyundo nzito za mbao zilizoinuliwa na kuangushwa na maji ya vijito. Unga wake ulikorogwa majini, ukaachwa utuame, ukaondolewa mchanga, halafu sehemu yake laini ikatengenezwa vitofali vidogo vyeupe na kuuzwa mjini. Jiwe peke yake likichomwa sana hulegea na chombo kikapinda. Kaolini peke yake haishikamani vya kutosha. Changanya viwili hivyo, uvipeleke kwenye nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi, na jiwe litayeyuka na kujaza kila kinafasi huku kaolini ikisimama imara. Kinachotoka ni cheupe, hakinywi maji, ukikigonga kinalia, na kikiwa chembamba kinapitisha mwanga. (Kaolini hata kwetu ipo, tena nyingi, kwenye vilima vya Pugu wilayani Kisarawe. Mchanganyiko na moto ndivyo vilivyohitaji karne.)

Fundi wa kwanza hukaa juu ya gurudumu zito lililozama sakafuni. Hulizungusha kwa fimbo anayoichomeka kwenye tundu lililo ukingoni. Likishika kasi anaiweka fimbo kando na kuinamia donge. Bakuli linainuka mara moja. Lakini hilo bado si bakuli lenyewe. Ni nene na kubwa kuliko linavyotakiwa, maana kauri hunywea sana inapokauka na inapochomwa. Fundi wa pili hulifunika juu ya kalibu na kulipigapiga mpaka mabakuli yote ya oda moja yawe na umbo moja. Linaanikwa. Kisha linafika kwa yule ambaye kwangu ndiye bingwa wa karakana nzima, mkwanguaji.

Huyu hushika udongo uliokwisha kukauka, ambao ukibonyezwa vibaya unapasuka. Anaurudisha kwenye gurudumu na kuukwangua kwa vyuma vilivyokunjwa ncha, nje na ndani, na vumbi jeupe linamwagika magotini. Kila baada ya muda mfupi anasimamisha chuma na kuligonga bakuli kwa kidole. Mlio ndio unaomwambia ukuta umebaki na unene gani na wapi arudi. Bakuli lililotoka nene kwa fundi wa kwanza linatoka kwake likiwa jembamba kiasi cha kuonyesha kivuli cha vidole upande wa pili. Akipitiliza kidogo, ukuta unatoboka, na kazi ya wote waliomtangulia inarudi kwenye pipa la udongo.

Kitako hakiguswi bado. Chini ya bakuli huachwa kishina kirefu cha udongo, ili mchoraji na mtia rojo wapate pa kushika bila kuugusa ukuta. Kishina hukatwa mwishoni kabisa, na hapo ndipo kitako kinapochimbwa. Jambo hili dogo limenivutia kuliko mazimwi na maua yote ya Jingdezhen. Mtu mmoja zamani aliwafikiria wenzake wawili watakaokishika chombo baada yake, akawaachia mpini, na utaratibu ukabaki.

Mchoraji naye hana nafasi ya kufuta. Udongo mkavu usiochomwa hunyonya brashi papo hapo. Akisita, doa linatanuka. Rangi yake ni kobalti iliyosagwa kwa muda mrefu, na anapoipaka ni ya kijivu inayoelekea weusi. Buluu yenyewe huonekana tu tanuri likishafunguliwa, kwa hiyo anachora kwa kukumbuka jinsi moto ulivyoibadilisha rangi hiyo safari zilizopita. Tena mara nyingi hachori peke yake. Mmoja hupiga mistari ya nje, mwingine hujaza rangi ndani ya mistari, na aliyezoea kupiga duara la ukingoni hupiga duara maisha yake yote. Kisha bakuli huchovywa kwenye rojo, au rojo hupulizwa juu yake kwa bomba la mwanzi lililofungwa kitambaa chepesi mdomoni. Motoni rojo hilo hugeuka ngozi ya kioo, na mchoro unabaki salama chini yake.

Mwaka 1637 msomi Song Yingxing alichapa kitabu chake cha ufundi, Tiangong Kaiwu, na ndani yake akahesabu kwamba kikombe kimoja hupita mikononi mara 72 kabla hakijawa kikombe. Miaka 75 baadaye padri Mfaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliyeishi miongoni mwa Wakristo wa Jingdezhen, aliandika barua kwenda kwao akieleza mambo yayo hayo kwa kirefu, naye akataja mikono 70. Ulaya ilizisoma barua zake kwa uchu, maana ilikuwa imehangaika kwa vizazi kuitafuta siri. Wajerumani wa Meissen walikuwa wameanza kiwanda chao mwaka 1710 tu. Wengi husimulia ugawaji wa kazi kana kwamba ulivumbuliwa na viwanda vya Uingereza. Jingdezhen ilikuwa ikiishi hivyo kabla injini ya mvuke haijatengenezwa.

Baada ya yote hayo unakuja moto, na motoni ujuzi wa watu 70 unawekwa chini ya mtu mmoja. Kila chombo huingizwa ndani ya kasha la udongo mgumu ili majivu yasikiguse, makasha yanapangwa kwa minara, mlango unajengwa kwa matofali, na kuni za msonobari zinaanza kulishwa usiku na mchana. Kipimajoto hakikuwapo. Bingwa wa tanuri alichungulia tunduni akaitazama rangi ya miali. Husimuliwa pia kwamba alitema mate ndani na kuangalia yanavyokauka. Moto ukiwa hafifu, rojo linabaki na ukungu. Ukizidi, vyombo vinalegea na kugandamana. Hewa ikiingia nyingi mno, weupe unaharibika. Na yakishatokea hayo, hakuna fundi duniani wa kuyarekebisha.

Hapo ndipo historia ya China inapoonyesha sura yake nyingine, kwa sababu aliyekuwa akingoja nje ya tanuri mara nyingi alikuwa kaisari. Tangu mwaka 1278, Wamongolia wa nasaba ya Yuan walipoanzisha ofisi ya kauri huko, ikulu haikuuacha tena mji ule kwa muda mrefu. Nasaba ya Ming, iliyotawala kuanzia 1368 hadi 1644, ilijenga matanuri yake rasmi. Pesa, ulinzi na viwango vya ikulu viliufikisha ufundi mahali ambapo soko peke yake lisingeufikisha. Bei ya hayo waliilipa wafinyanzi. Enzi za kaisari Wanli, towashi aliyetumwa kukusanya kodi, Pan Xiang, aliagiza mapipa makubwa yenye picha za mazimwi. Mapipa yalipasuka tanuri baada ya tanuri, na mafundi wakaadhibiwa. Wanasimulia Jingdezhen kwamba mwaka 1599 mfinyanzi aitwaye Tong Bin alijitupa motoni kwa uchungu wa kuwaona wenzake wakiteswa, na mapipa ya safari ile yakatoka mazima. Ghasia zikazuka. Baadaye alijengewa hekalu na kuabudiwa kama mungu wa matanuri. Mimi sina haja ya kuamini kwamba kifo chake ndicho kilichonyoosha mapipa. Natazama kwamba, kati ya maelfu ya mafundi wa mji ule, aliyebaki na jina ni yule aliyekufa.

Vyombo vya ikulu vyenye kasoro ndogo tu vilivunjwa makusudi na kufukiwa, visije vikatumiwa na raia. Kuanzia miaka ya 1980 wanaakiolojia wamevifukua vigae hivyo kwenye eneo la Zhushan, katikati ya mji, na kuviunganisha upya, na leo makosa hayo yamo makumbushoni yakiwafundisha wataalamu tarehe za vyombo vizima. Kwa upande wa pili, kikombe kidogo cha mvinyo chenye picha za kuku, cha enzi ya kaisari Chenghua (1465 hadi 1487), kiliuzwa mnadani Hong Kong mwaka 2014 kwa dola za huko zaidi ya milioni 281. Ni cha kipenyo cha sentimita nane hivi. Aliyekichora hajulikani.

Sasa ile buluu. Msomaji mgeni hudhani hakuna kitu cha Kichina zaidi kuliko buluu juu ya nyeupe, kumbe kobalti iliyotumika mwanzoni ililetwa kutoka Uajemi, na sahani kubwa za enzi ya Yuan zilitengenezwa kwa kuwatazama wanunuzi wa nchi za Kiislamu, waliokula pamoja kutoka sahani moja. Chini ya kaisari Zhengde, mwanzoni mwa karne ya 16, Jingdezhen ilitoa hata vyombo vyenye maandishi ya Kiarabu. Ustaarabu unaosifiwa kwa kujifungia ndani ya ukuta ulikuwa ukipokea rangi kutoka ng'ambo na kuirudisha ikiwa juu ya bakuli.

Mabakuli hayo yalifika hadi pwani yetu, mengi yakipitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Ghuba na India. Hili tulisisitize, kwa sababu siku hizi kila kigae hupachikwa jina la amiri Zheng He. Safari zake, kati ya 1405 na 1433, zilikuwa kubwa kweli, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya kaisari Yongle. Lakini Kilwa ilikuwa ikipokea vyombo vya China muda mrefu kabla Zheng He hajazaliwa. Wenyeji wa pwani waliviweka kwenye vidaka vya kuta za nyumba zao, wakavipachika misikitini na kwenye makaburi ya nguzo, kama yale ya Kunduchi na Kaole. Mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipotembelea pwani ya Tanganyika mwaka 1955, alishangaa kuona vigae vya kuzoleka kwa sepetu, na akaona kwamba kuanzia karne ya 10 historia iliyofukiwa ya nchi hii inaweza kusomwa kwenye kauri ya China. Msingi wa mbinu hiyo ni rahisi: kwa kuwa Jingdezhen na Longquan, mji mwingine wa kauri wa China, zilibadili rangi, mapambo na vitako vyao zama kwa zama, kigae kimoja ndani ya tabaka la udongo kinaweza kuwaambia wachimbaji ukuta wa jirani ulijengwa lini.

Kinaweza, ikiwa hakijaondolewa. Mabakuli mengi ya makaburi ya Kunduchi yamekwisha kung'olewa au kuvunjwa, na yamebaki matundu ya duara kwenye chokaa. Ukienda kwenye magofu ya Kilwa, Gedi au Kunduchi na ukakiona kigae cha buluu mchangani, kiinamie, kitazame, kipige picha ukitaka. Kisha kiache hapo hapo kilipo, na mwanao akikitia mfukoni, mwambie akirudishe.