Kimya Kingi na Mshindo Wake: Wakongwe wa Roki Wanaporudi

Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Soko la muziki wa roki limeigeuza hekima ya namna hiyo kuwa kanuni ya biashara. Mwanamuziki mkongwe akikaa miaka kumi bila kutoa albamu, miaka hiyo yenyewe huwa tangazo: hutajwa kabla ya jina la wimbo, hurudiwa katika kila gazeti, na mara nyingi wahakiki huipigia makofi albamu kwa sababu tu imefika. Huo ni ukarimu kwa msafiri, na haustahili kuitwa uhakiki. Ukimya peke yake hauna thamani ya kisanaa. Mkongwe aliyerudi anapaswa kuulizwa swali moja: miaka ile iko wapi ndani ya kazi hii? Albamu tatu za mwanzoni mwa karne hii zinalijibu kwa namna tatu.

Ya kwanza ni Aerial ya Kate Bush, iliyotoka Novemba 2005. Bush alikuwa maarufu tangu 1978, wimbo wake "Wuthering Heights" uliposhika nafasi ya kwanza Uingereza akiwa na umri wa miaka 19. Baada ya The Red Shoes ya mwaka 1993, alikaa miaka 12 bila albamu mpya, na magazeti yakalijaza pengo hilo kwa uvumi juu ya mwanamke aliyejifungia ndani. Aerial haikanushi uvumi huo wala haijitetei. Inafungua mlango wa nyumba. Katika "Mrs. Bartolozzi", kwa sauti na piano, mwanamke anapiga deki sakafu iliyochafuka kwa matope, kisha anazitazama nguo zikizunguka ndani ya mashine ya kufulia, hadi maji ya mashine yanakuwa bahari. Msikilizaji mwenye haraka anaweza kucheka. Lakini mwimbaji aliyewahi kuazima mzuka kutoka riwaya ya Emily Brontë sasa anaupata mzuka wake katika nguo za kufuliwa. Kuyahamisha macho namna hiyo ndiko kulikohitaji miaka 12. "A Coral Room" nao unatoka katika mji uliozama majini na kufika kwenye jagi dogo la mama aliyefariki. Msiba haupambwi, unashikwa kwa mpini wake.

Si kila kitu katika albamu hiyo kina uzito huo. "Bertie", wimbo kwa mwanawe aliyezaliwa 1998, umeiacha furaha ya mzazi bila kivuli chochote, na hivyo unakosa mvutano. Hata hivyo diski ya pili, inayofuata mwendo wa siku moja kutoka alasiri hadi alfajiri huku milio ya ndege ikiingia na kutoka, inakwenda kwa utulivu ambao msanii anayeogopa kusahauliwa asingeuthubutu.

David Bowie alichagua njia ya hila zaidi. Mwaka 2004 alikatisha ziara yake kwa maradhi ya moyo, akafanyiwa upasuaji nchini Ujerumani, na baada ya Reality ya 2003 hakutoa albamu mpya kwa takriban miaka kumi. Wengi walikwisha kumhesabu miongoni mwa waliostaafu. Tarehe 8 Januari 2013, siku aliyotimiza miaka 66, wimbo "Where Are We Now?" ulitolewa bila dokezo la awali. The Next Day ilikuwa imerekodiwa New York kwa siri, pamoja na mtayarishaji wake wa siku nyingi, Tony Visconti. Wimbo huo unatembea polepole katika majina ya mahali pa Berlin, mji alioishi katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, kwa sauti nyembamba ya mtu anayetafuta njia katika mji uliobadilika.

Walioupokea wimbo huo kama wasia walishangazwa mwezi Machi, albamu yenyewe ilipotoka: sehemu yake kubwa ni magitaa makali na ngoma nzito. Uzee uliosikika Januari ulikuwa wa kweli, na papo hapo ulikuwa uhusika, kama uhusika wote aliouvaa Bowie tangu ujana. Jalada linaeleza jambo hilohilo. Picha ya albamu ya 1977, "Heroes", imerudishwa, jina la zamani limepigwa mstari, na uso wa kijana umefunikwa kwa mraba mweupe wenye jina jipya. Yaliyopita hayakufutwa, na hayaabudiwi. Nyimbo zimezidi mahitaji ya albamu, na baadhi zingeweza kuachwa bila hasara. Lakini aliyerudi anajua kwamba amerudi, na ujuzi huo unasikika.

Guns N' Roses ni mfano wa tatu, na wa kusikitisha. Kati ya Use Your Illusion za 1991 na Chinese Democracy ya Novemba 2008 ilipita miaka 17 bila albamu ya nyimbo zao wenyewe. Kati ya waasisi alibaki Axl Rose peke yake. Mwaka 2005, kazi ikiwa bado haijakamilika, gazeti la New York Times liliripoti kwamba gharama zilikuwa zimefika dola milioni 13. Miaka hiyo imo katika albamu, lakini imo kama tabaka za rangi juu ya ukuta: gitaa juu ya gitaa, sauti juu ya sauti. Haimo kama duara za umri ndani ya shina la mti. Ni katika "There Was a Time" tu ambapo majuto yanapenya kwenye rangi hiyo, na msikilizaji anang'amua albamu iliyowezekana.

Huenda ikadaiwa kwamba muziki haudaiwi wasifu wa mwimbaji. Hoja hiyo ni sahihi, ila haigusi suala lililopo. Asiyejua lolote kuhusu maisha ya Bush bado atasikia kwamba jicho limehama kutoka kwenye masimulizi makuu hadi chumbani. Kinachodaiwa ni mabadiliko yanayosikika katika mwendo, katika sauti, na katika kuchagua kipi kistahili kuimbwa.

Kwa msikilizaji Mswahili aliye Muscat au London, suala hili lina kivuli chake nyumbani. Anayerudi baada ya miaka 12 hupokewa kwa maswali mawili: umetuletea nini, na mbona umebadilika? Maswali hayo hayawezi kujibiwa kwa pamoja, na mashabiki wa roki huwauliza wakongwe wao hayohayo. Wanataka kipya kitakachofanana na cha zamani. Chinese Democracy iliwekwa rangi upya kila mwaka kwa kujaribu kuyaridhisha yote mawili.

Mwaka 2014 Bush alirudi jukwaani Hammersmith, London, kwa maonyesho 22, miaka 35 baada ya ziara yake ya pekee. Bila shaka wengi ukumbini walikuwa wakimngoja msichana wa miaka 19. "Wuthering Heights" haukuimbwa hata usiku mmoja. Sehemu ya pili ya onyesho ilikuwa ile diski ya pili ya Aerial: alasiri, usiku, ndege, na alfajiri. Watu waliketi wakamsikiliza kama alivyo sasa.